Nondo ya Ezell na Sahani za Wanajeshi wa Kivukoni

Umande haujakauka na tayari Ezell Tarpley amepiga magoti. Anaizamisha nondo ardhini taratibu, kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Nondo inaingia. Inaingia kirahisi mno, kama kwenye udongo uliowahi kuchimbwa. Anaichomoa, anaipangusa kwenye suruali, anasogea kidogo na kuanza upya.

"Na hapa pia kuna mtu," anasema bila kuinua macho.

Ezell, mwenye umri wa miaka 71, ndiye mchimba makaburi wa kanisa la Wamarekani weusi wa kijiji hiki cha kusini mwa Arkansas. Malipo? Anacheka. Mara nyingi hulipwa samaki wa kukaanga na ahadi.

Kesho atamzika Vernell, dada yake wa pekee, aliyeomba jambo moja tu: alazwe kando ya mama yao. Balaa ni kwamba kando ya mama yao wamelala wanajeshi.

Vitabu vya shule havina habari na vita vya Kivuko cha Tolliver. Mwaka 1864, Marekani ikipigana yenyewe kwa yenyewe juu ya utumwa, kikosi cha wanajeshi weusi, wengi wao watumwa wa juzi tu, kilikishikilia kivuko kutwa nzima ili kina mama waliotoroka mashambani wavuke mto na watoto wao. Risasi zikawaishia. Wakanyoosha mikono juu, jeshi la watetezi wa utumwa likawaua hivyo hivyo. Waliovuka ndio waliorudi kuwazika, na ndio waliojenga kanisa hili.

"Bibi mzaa bibi yangu alivuka akiwa mgongoni kwa mama yake," anasema Ezell. "Wale jamaa wangekimbia, mimi nisingekuwepo hapa kupiga domo na wewe."

Mawe ya kaburi hayakuwepo. Juu ya kila mmoja iliwekwa sahani iliyovunjwa, kama ilivyo desturi hapa: chombo alicholia chakula marehemu mara ya mwisho huvunjwa, asije akarudi kuwaita wenzake mezani. Kulisema jambo hilo kwa mdomo ilikuwa nuksi. Wazee walivunja, wakanyamaza, wakafa nalo.

Miaka michache iliyopita, vijana wa kanisa waliohamia Chicago walirudi kwa sikukuu. Wakavaa glavu, wakasafisha makaburi kwa moyo mweupe. Vigae vyote vya sahani, wakidhani ni taka, vikapakiwa kwenye gari na kumwagwa jalalani. Aliyewaongoza ni Renita, binti wa Vernell.

Mwezi uliopita, Ezell akimchimbia muumini mmoja, koleo liligonga mfupa, na kando yake kifungo cha shaba cha koti la jeshi. Alifukia haraka, akaketi chini, akalia kama mtoto. Tangu siku hiyo hachimbi popote kabla ya kupima kwa nondo.

Renita anafika na chupa ya kahawa, macho yamemvimba.

"Mjomba, umepata?"

"Watu nimepata. Nafasi sijapata."

"Si uniseme tu? Miaka yote hii hujanisema hata neno. Nitukane basi, roho yangu itulie."

"Nikutukanie nini? Ulifagia kama ulivyofunzwa. Sisi wakubwa ndio tuliofunga midomo kama mabubu." Anaonja kahawa, anakunja uso. "Ila kahawa yako mbaya, jamani. Hilo nakusema."

Renita anacheka, na kicheko kinageuka kilio.

Upande wa pili wa mama kuna nafasi moja ambayo Ezell ana hakika nayo. Aliipima mwenyewe zamani, vigae vingali mahali pake, akaitunza. Ni yake. Yeye ni kitinda mimba. Alitaka kulala karibu na mama. Anaitazama kwa muda, kisha anakwenda kuchora hapo kaburi la Vernell kwa ncha ya koleo.

"Na wewe je, Mjomba?"

"Kule kwenye uzio, karibu na barabara. Nitakuwa nasikiliza magari." Anajaribu kutabasamu, anashindwa.

Mwezi Mei, siku ya kupamba makaburi, ataomba kila nyumba ilete sahani. Kila mahali nondo itakapozama kirahisi, itavunjwa moja. Majina hatayapata, hilo analijua.

Renita anafungua kitambaa alichobeba. Ni sahani ya mama yake, yenye ukingo wa bluu.

"Hii ya mama naijua. Wale je? Hatujui hata walikula kwenye vyombo gani."

"Tutavunja hizi tunazotumia sisi mezani," anasema Ezell akianza kuchimba. "Chakula chote tulichokula toka siku ile ni cha kwao."