Mimba Niliyoitangaza Kwenye Benchi

Kwetu Ntobeye mimba changa haitajwi. Unaificha mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, maana macho ya watu hayaaminiki. Mimi na mama mkwe wangu sote tuna kisukari, na kila mwezi tulikaa benchi moja kliniki tukisubiri dawa. Muuguzi hakutoa hata kidonge kabla ya kuuliza benchi zima: kuna mjamzito hapa? Mwezi ule nilipojigundua nina mimba, nilitazama viatu vyangu, nikapokea vidonge, nikaenda zangu.

Nyumbani amani ikanitoka. Kila nilipomeza niliona kama namlisha mtoto kitu nisichokijua. Tena nilikuwa na kopo la dawa za kupunguza mwili, nililonunua sokoni Benaco kwa kuchoka kuitwa pipa. Basi nikaacha zote kwa akili yangu mwenyewe, hata za sukari. Haikupita wiki, kiu ikanishika na macho yakaingia ukungu. Niliogopa sana. Mimba mbili zilikuwa zimeshatoka, na hii niliitaka kwa kufa na kupona.

Kliniki iliyofuata, muuguzi alipouliza, nikasimama. Mama mkwe akanivuta kitenge.

“Kaa chini, mwanangu. Nyamaza.”

Mimi nikishachemka sinyamazi. “Mimi ninayo,” nikasema, na benchi zima likageuka.

Muuguzi akanipeleka kwa daktari, nikamweleza yote, naye hakunigombeza. Alilichukua lile kopo nililokuja nalo mkobani, akaligeuzageuza. “Za humu hata mimi sijui zina nini. Achana nazo kabisa.” Lakini dawa za sukari, alisema, haziachwi kienyeji, kwa sababu sukari ikipanda nayo inamuumiza mtoto; zinabadilishwa na mtaalamu. Akaniandikia sindano za insulini, akanifundisha kujichoma.

Leo binti yangu anatambaa, ananivunjia vikombe, nami namjivunia bila aibu. Ila najivunia pia nilichokikuta siku ile nilipotoka kwa daktari. Mwanamke aliyekaa nyuma yetu alikuwa amesimama mbele ya muuguzi, khanga imemfunika mpaka kidevuni, machozi yanamtoka.

“Na mimi ninayo,” alisema.

Mama mkwe wangu akainuka, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa daktari.

“Ingia, mwanangu. Mwambie yote.”