Nilipozipaka Aina Rangi Nyekundu

Chumba chetu cha kompyuta ndicho pekee pale shuleni chenye nondo madirishani, na kwa sababu hiyo kila mtu alikitaka. Mahindi ya chakula cha wanafunzi yalikuwa yanalala kwenye stoo ya mbao, na tembo wa hifadhi walishaizoea njia ya kwenda huko. Mwenyekiti wa bodi ya shule, mzee wa Kikurya mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alisema waziwazi kwamba kompyuta zipishe magunia. Afisa elimu angekuja kuangalia somo langu, kisha wao wawili waamue.

Mimi ni mtu wa Morogoro, nilipangiwa huku Serengeti kufundisha kompyuta, na hasira zangu ziko karibu. Niliapa kwamba mahindi hayatanitoa.

Kilichonikera kilikuwa rangi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walikuwa wameandika, kwa lugha ya Python, programu ya kukumbusha siku ya kupeleka ng'ombe joshoni. Niliwafundisha kwamba kila jina lifuatwe na aina yake: `umri: int`, yaani umri wa ng'ombe ni namba, `rangi: str`, yaani rangi yake ni maneno. Lakini kile kihariri tunachoandikia programu kilipaka jina na aina weupe uleule, na ukutani, kwa projekta yetu iliyochoka, huwezi kuvitofautisha. Nikafungua faili la rangi kwenye kila kompyuta, nikazipa aina zote nyekundu. Zikaonekana hadi mlangoni. Nilijisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Asubuhi ya ukaguzi niliwaambia wanafunzi, "Fungueni kazi zenu, mhakikishe hakuna kosa hata moja." Nikaenda ofisini kuwaamkia wageni.

Tuliporudi, ukutani hapakuwa na nyekundu. Hapakuwa na `int` wala `str`. Zote zilikuwa zimefutwa, kwenye kompyuta zote.

"Nani amefuta?" niliuliza kwa sauti ndogo, ile ambayo darasa langu linaiogopa kuliko kelele.

Kiranja, kijana wa kijiji cha Nyanungu asiyejua kupinda maneno, akasimama. "Ni sisi, Madam. Ulisema kosa lisiwepo. Kwenye daftari langu nyekundu yako ya kusahihishia ni nyingi kuliko wino wangu. Naijua."

Ningecheka, kama chumba changu kisingekuwa hatarini. Afisa akasema waiendeshe tu hivyo hivyo. Wakaiendesha, na programu ikafanya kazi vizuri kabisa, maana Python yenyewe haijali hayo maelezo ya aina. Afisa akanigeukia.

"Sasa, Mwalimu, hivyo vilivyofutwa vilikuwa na kazi gani?"

Nikaanza kueleza kwa lugha ya kitabu, usomaji wa msimbo, matunzo ya msimbo. Niliona macho ya mwenyekiti yakikipima chumba, gunia likae wapi na jingine wapi. Hasira ni hasara, ndivyo tulivyofundishwa, lakini siku ile zangu zilinisaidia.

"Mzee," nikamwambia, "ng'ombe wako wana chapa?"

"Wanayo."

"Inaongeza maziwa?"

"Haiongezi."

"Bila chapa ng'ombe hatembei?"

"Anatembea. Anatembea mpaka kwa watu."

"Basi na hizi ni chapa. Programu inatembea bila hizo. Lakini kesho akija mwingine kuisoma, atajuaje kipi ni namba na kipi ni maneno?"

Mzee akamtazama kiranja taratibu, kuanzia viatu kupanda juu. "Kwa hiyo wewe mura, kijana mzima, ndiye umefuta chapa."

Huku, mtu anayefuta chapa ya ng'ombe ana jina lake, na jina hilo si kiranja. Darasa zima likavunjika mbavu. Kijana wa watu akakaa, jasho linamtoka, akaanza kuzirudisha moja moja, na wenzake wakamfuata bila kuambiwa.

Mwenyekiti alisubiri hadi ya mwisho iliporudi ukutani. "Chumba kibaki," akamwambia afisa. "Mahindi hayana chapa, yanaweza kulala popote. Yaje ghalani kwangu mpaka tujenge stoo imara."

Nilifurahi. Nikamsindikiza mzee mlangoni, na hapo akaniinamia ili darasa lisisikie.

"Ila, Mwalimu, hiyo nyekundu ibadilishe. Hata mimi nilidhani wamekosa."