Nilimwita baba yake Nakato mvamizi

Wasee, leo nimeumbuka ofisini na sina wa kulaumu.

Mnajua vile hii maneno ya kisiwa cha Migingo, Kenya na Uganda wakikigombania, imetupandisha hasira. Jana nilikuwa saiba, kwa kompyuta za kulipia hapa Kangemi, nikaingia kwa jina langu kwa ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuhariri. Ilisema wavuvi wa Kenya na wavuvi wa Uganda wanaishi pamoja kwa hicho kisiwa.

Nikafuta hao "wavuvi wa Uganda", nikaandika "wavamizi wa Uganda".

Nikatembea hadi nyumbani nikijiona mzalendo kabisa.

Sasa leo asubuhi, kazini tao, huku mjini, Nakato akaniita kwa meza yake, ukurasa uleule ukiwa wazi kwa kompyuta. Yeye ni Mganda, na tumefanya kazi pamoja mwaka wa tatu sasa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Kuja uone. Baba yangu amevua samaki huko tangu nikiwa mtoto. Leo anaitwa mvamizi."

Na mimi, aki, nikatingisha kichwa nikasema, "Watu wengine hawana haya."

Ndio akabonyeza pale panapoonyesha nani alibadilisha. Jina langu likatokea, lote, na la ukoo juu yake.

Hakupiga kelele.

"Si ungeniuliza tu?"

Nilirudisha maneno vile yalikuwa, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Kisha akachukua chakula chake akaenda kula peke yake, na sisi hula pamoja kila siku.

Kesho nitamwangalia aje? Niambieni ukweli, msinihurumie.