Vyura Wasiokimbia na Gambuti Zangu

Kazi yangu ni vyura, na nyumbani Muyeye, mtaa wa Malindi, wameshachoka kunicheka. Niliposikia kuna bwawa njia ya Mambrui ambalo vyura wake wanakaa juani mchana na hawamkimbii mtu, nilishuku fangasi wa ngozi, ugonjwa unaomwondolea chura woga kabla ya kumtoa roho. Nikafunga safari.

Asubuhi nilipanda tuktuk, tukavuka daraja la Sabaki, nikashuka bwawani. Niliingia na gambuti zangu, hakuna aliyeruka. Nilimlaza mmoja chali. Akabaki vivyo hivyo, ngozi ikimbambuka. Chura mzima angejigeuza kabla sijaondoa mkono. Nilimpangusa kwa pamba ya kupeleka maabara, na roho iliniuma.

Adhuhuri nilifika Mambrui kwa Bi Zuhura, mjane mwenye shamba la minazi. Bwawa lake ndilo nililolitaka: vyura wake walikuwa wazima, ndio ningewalinganisha na wale wagonjwa. Jozi safi ya kuingilia humo ilikuwa mkobani. Hii yenye matope ningeiosha kwa dawa nikirudi Malindi. Niliivua mlangoni, nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Kula kwanza, vyura hawaendi popote.”

Aliniandalia wali, akatoka. Nilikula kwa raha zangu. Nilipokwenda kunawa, gambuti hazipo. Bi Zuhura alikuwa ameinama ukingoni mwa bwawa, anataka kuzichovya.

Nilikimbia pekupeku. “Bi Zuhura, usizitie majini. Matope hayo yana ugonjwa, yatawaua vyura wako wote.”

Aliziinua juu ya maji. “Mgeni atoke kwangu na viatu vichafu? Watu watanionaje?”

Sikuwa na la kumlaumu. Nilikuwa nimepanga kila kitu cha vyura, nikasahau kwamba hapa mgeni haoshi viatu vyake. Siku hizi nikipiga hodi kwa mtu, habari za viatu ndizo ninazoanza nazo.

Alasiri nilifanya kazi yangu na jozi safi. Kila chura niliyemlaza chali alijigeuza papo hapo, akaruka, nami nikafurahi kupita kiasi.

Wakati wa kurudi, Bi Zuhura alinisindikiza hadi barabarani. Gambuti chafu alizibeba mwenyewe, ndani ya mfuko unaoonyesha kila kitu, akakataa kunipa. Jirani akasimama, akautazama ule mfuko.

“Bi Zuhura, leo mgeni wako anaondoka na matope?”

“Anaondoka nayo,” alijibu, hakupunguza mwendo. “Kwangu vyura bado wanaruka.”