Vifaranga vya Kichanjani

Hilaria, mke wa Fabiani mkata mkonge, alipenda usafi hadi kero. Katika kambi yao karibu na Magoma, miaka ile ya Mwingereza mkonge ulipopanda bei, kila mtu aliacha kuku wake wachakure jalalani. Vifaranga vya Hilaria vilikwisha kufa kwa minyoo mara mbili, naye akaapa havitakufa tena. Binti yake Serafina alikuwa ameposwa Mazingara, na mama alitaka aende na kuku wa kuanzia maisha, asionekane katoka kwa watu wasio na kitu.

Basi akajenga kichanja cha miti ya mkonge, akavipandisha vifaranga vipya huko juu, akavilisha pumba na mtama. Kukanyaga chini, marufuku. Mwatumu, jirani yake Mzigua, akamtania kwamba kuku wake wamewekwa ndani kama mwali. Hilaria akacheka tu. Si mwali hunenepa akiwekwa ndani? Na kuku nao wakanenepa, mwenyewe akavimba kichwa.

Walipokuwa wakubwa akawashusha uani, wazoee ardhi kabla ya safari. Baada ya majuma machache wakashusha mabawa na kukonda. Alichinja mmoja, akapasua utumbo, akakuta minyoo imejazana kama nyuzi za katani. Akakaa chini akalia. Mwatumu, ambaye siku hiyo alikuwa amemchinjia mgeni jogoo aliyekulia jalala lilelile, akamletea utumbo wake auone. Ulikuwa na mnyoo mmoja, tena mwembamba.

"Huyu kaanza kuila minyoo tangu mdogo, kidogo kidogo," akasema. "Mwili wake umeshaijua, unaifukuza. Wako wamekutana nayo ukubwani, tena yote kwa mpigo."

Wale wanono wakaisha wote. Hilaria akabaki na tetea mmoja wa zamani, aliyepona peke yake vifaranga wenzake walipokufa. Shingo haina manyoya, kadogo, hatazamiki. Harusi ilipopita, akambeba hivyohivyo mpaka Mazingara, huku aibu ikimla njia nzima.

Mkwe wa Serafina, Mama Mdoe, akampokea kwa heshima zote. Akamtazama yule tetea, akadhani ni kitoweo, akaagiza kisu. Hilaria hakuweza kumzuia, maana mgeni hampangii mwenyeji la kupika. Serafina naye, tangu aolewe, hakuwa amefungua kinywa mbele ya mkwewe isipokuwa kwa shikamoo. Akapiga magoti.

"Mama, huyu hachinjwi. Huyu ni mbegu. Tumchinje jogoo."

Mama Mdoe akasema jogoo wake ni mzee, nyama yake ni ya kuchemsha mpaka jioni, lakini Serafina sasa ndiye mwenye nyumba, naye akishasema, wao watangoja.

Nyama ilikuwa ngumu kweli. Hilaria akaitafuna yote, akaomba na mchuzi, akiwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa kuku yeyote mnono.