Pazia la Chumbani na Mbwa Asiyechanjwa

Mama mkwe wangu aliumwa na mbwa wangu saa nne asubuhi, mchana kweupe, nami nimesimama chumbani namwona kupitia upenyo wa pazia. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akanihurumia bure.

Aliingia getini peke yake, anatoka kijijini kwake Ndalambo, kikapu cha mahindi mabichi kichwani. Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Mimi nilimwona, na mbwa naye akamwona. Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele, au kutoka mbio nikamshika mbwa shingoni. Sikufanya lolote. Kwa kina mke wangu, Wanamwanga, mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamsemeshi wala hakai naye mahali pamoja, mpaka siku upande wa mke watakapompikia na kumwingiza rasmi. Mimi ni Mnyiha wa Mlowo, na heshima ya wakwe nimelelewa nayo. Kuingizwa kwangu kulikuwa kumeahirishwa mwaka hadi mwaka, mara msiba, mara mavuno mabaya. Kwa hiyo kila alipokuja kututembelea, mimi nilijichimbia chumbani. Siku ile pia nikajikausha, nikijiambia mke wangu atasikia. Alisikia, ndiyo, ila alichosikia ni mayowe ya mama yake.

Mbwa mwenyewe nilimfuga kwa ajili ya wezi. Ninaziba matairi ya malori pale yanapopanga foleni kuingia mpakani, na jioni narudisha vifaa vyangu vyote nyumbani. Alikuwa jibwa jeusi, kali, na ukali wake nilijivunia kama mjinga. Sheria ndogo za halmashauri nilizijua, maana zilibandikwa mlangoni pa ofisi ya mtaa: mbwa afungwe mchana, achanjwe kila mwaka, na akimuuma mtu, mwenye mbwa atoe taarifa mara moja. Kumfunga mchana nilimfunga siku nilizokumbuka.

Kuchanja ndiko kulikonitia kitanzini. Gari la mifugo lilipita mtaani na kipaza sauti, mke wangu akanihimiza, nikamtia mbwa kamba tukatoka. Kufika barabara kuu, malori yamesimama pua kwa mkia, mbwa akachachamaa, akanizungushia kamba miguuni, nikala mweleka mbele ya madereva wa kutoka Zambia. Walinicheka kwa Kibemba chao mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikageuza. Nyumbani nikasema, "Ameshachanjwa." Mke wangu akauliza kadi iko wapi. "Nimeiacha kibandani, kazini." Basi, nikadhani yamekwisha.

Sasa mama wa watu yuko uani, damu inamtoka mguuni. Mke wangu alimwosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba, muda mrefu, huku akinitukana kupitia ukutani, kisha wakaenda hospitali. Mimi ndipo nikatoka, nikamfunga mbwa kwa mnyororo kwenye mpera.

Waliporudi nilikuwa tena chumbani, sikio mlangoni. Nikamsikia mke wangu akimrudia mama yake maneno ya muuguzi, polepole, apate kuyashika. Mbwa asiuawe, afungwe, aangaliwe siku kumi. Sindano ya kwanza tayari, ya pili keshokutwa. Kama mbwa ana kadi ya chanjo, kadi iletwe waione. Kama hana, sindano ziendelee mpaka ya mwisho bila kukosa hata moja, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, hakuna dawa. Mtu anazikwa.

"Si amechanjwa?" mama mkwe akauliza.

"Amechanjwa, mama. Mume wangu alimpeleka mwenyewe."

"Basi za nini tena hizo sindano? Mimi keshokutwa naondoka. Maharage yangu yako juani, nani atayaanua?"

Nilikaa kitandani. Kusema neno moja tu kungetosha. Lakini ndugu za mke wangu hawakunipenda tangu mwanzo. Waliniita mtu wa vibandiko, asiyeaminika. Mke wangu ndiye aliyenipigania miaka yote, na msimu huu hatimaye walikuwa wamekubali kuja kuniingiza. Sasa niseme kwamba nilimdanganya yeye, na kwa uongo wangu mama yake anaweza kufa? Niliogopa. Sina neno lingine la kulipamba.

Siku iliyofuata nilikuwa mfungwa ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Nyumba ina vyumba viwili na sebule, na mama mkwe alitandika mkeka wake uani, karibu na mlango wa nyuma, mguu umenyooshwa juani. Kwenda chooni tu kulihitaji mkutano. Nigonge ukuta, mke wangu aje, anong'one, amhamishie mama yake jikoni, ndipo mimi nipite nimeinamisha kichwa. Kazini sikwenda. Nilisema kichwa kinaniuma, na kweli kiliniuma. Dirishani nikitazama, upande huu mama mkwe, upande ule mbwa kwenye mnyororo. Ugali wake ulikuwa palepale kwenye sufuria, haujaguswa, nzi wamejaa.

"Kadi umeileta?" mke wangu akaniuliza.

"Nitaileta."

"Utaileta lini? Wewe umekwama na nini humo chumbani?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Loo, niliuchukia mdomo wangu siku ile!

Asubuhi ya siku ya tatu, siku ya sindano ya pili, mke wangu alitoka kwenda ofisi ya mtaa kuandikisha taarifa ambayo ilikuwa kazi yangu mimi kuipeleka. Alipokata tu kona ya barabara, nikasikia honi ya bodaboda nje ya geti. Mama mkwe alikuwa ameiagiza mwenyewe. Akajifunga kitenge vizuri, akachukua kikapu chake kitupu, akaanza kuchechemea kuelekea getini.

Nilitoka pekupeku. Sikumbuki kufungua mlango.

"Mama, usiondoke!"

Alishtuka. Papo hapo akajifunika kitenge usoni na kunigeuzia mgongo, kama alivyolelewa. Nami nilitazama chini, lakini sikurudi ndani.

"Mbwa hakuchanjwa," nikasema. "Kadi hakuna. Nilimdanganya binti yako. Usipochomwa sindano utakufa, mama, na mimi ndiye nitakuwa nimekuua."

Bodaboda akapiga honi tena. Mama mkwe alitua kikapu chini. Kisha akamgeukia mbwa, kwa kuwa uani hapakuwa na mtu mwingine wa kutufikishia maneno.

"Wewe mbwa," akasema, "mwambie mwenye nyumba nimesikia. Mwambie aende akamwambie mke wake hivyohivyo, mwenyewe, leo. Na huyo wa pikipiki asiondoke, anipeleke hospitali."

Mke wangu nilimkuta ofisi ya mtaa, nikamwambia mbele ya mtendaji. Kwa wiki nzima alinitengea chakula bila neno, na ndugu zake walipopata habari wakasema waziwazi kwamba sherehe haipo tena. Siku ya sita mbwa alikufa, mate yamemjaa mdomoni. Bwana mifugo alikuja na glavu akakata kichwa kikapimwe, mzoga tukauzika. Nilikaa pale kwenye mpera nikiwaza kwamba nisingetoka, kile kikapu kitupu kingekuwa kimeshafika Ndalambo, na mwenyewe bila sindano.

Mama mkwe alimaliza sindano zote. Maharage yake yaliharibika kwa mvua. Siku ya kuondoka, mke wangu alitangulia na mizigo barabarani, nami nikasimama kando ya geti, macho chini, nimwache apite. Hakupita. Alisimama mbele yangu, akakishusha kitenge, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akanitazama usoni. Wala hapakuwa na aliyenipikia na kuniingiza.

"Siku ile naingia, niliona pazia likitikisika," akasema. "Siku nyingine, mkwe, toka."