Sanduku la Mayai la Mama Fausta

Benedikto simpendi, na sitajifanya nampenda kwa sababu ni baba mwenye nyumba wangu. Nyumba yake ya hapa Shanwe ina wapangaji wanne na mita moja ya umeme ya LUKU, na kazi yake tangu astaafu ni kulinda uniti. Zikizidi sabini na tano kwa mwezi bei inapanda; hilo anatukumbusha hata tukitoka misani. Pasi marufuku. Hita marufuku. Ukizima taa akiwa anapita, anaingia kuishika balbu, aone kama bado ni ya moto. Mwanaume mzima!

Swichi kubwa ameiwekea kisanduku cha bati chenye kufuli. Akienda shambani Kakese, anazima umeme wa nyumba nzima na kuondoka na ufunguo.

Aliyemweza ni mkewe tu, Mama Fausta. Mwaka huu alichongesha sanduku la kutotolea vifaranga, likafungwa balbu mbili, na akina mama wa jumuiya yetu wakamletea mayai mia moja na ishirini. Benedikto alinuna wiki nzima, kisha akaahidi umeme hatauzima mpaka yaanguliwe.

Siku ya ishirini, mpunga ukawalazimu kwenda wote wawili. Mama Fausta alinikabidhi sanduku.

"Mama Recho, angalia tu joto lisishuke. Mengine yameshaanza kulia."

Alipotangulia barabarani, mumewe akarudi, eti kasahau mundu. Nikasikia swichi.

"Baba, mayai!"

"Saa chache tu. Kwani kuku hashuki akale?"

Akafunga kufuli, akaondoka. Nilimpigia simu Mama Fausta, haipatikani. Ilikuwa Juni, baridi ya asubuhi inauma. Nililifunika sanduku kwa blanketi langu na vitenge vyangu vyote, nikakaa pembeni. Mpaka saa sita vifaranga vilikuwa vinalia humo ndani. Saa tisa sikusikia kitu.

Waliporudi jioni, Mama Fausta alibandua ganda moja. Kifaranga kilikuwa kimeshakamilika, manyoya mabichi, mdomo umeshatoboa ganda. Kimekufa. Akabandua la pili, la tatu.

"Lakini mwezi huu sabini na tano hatufiki," alisema Benedikto.

Hapo nilimtukana kama sijawahi kumtukana mtu. Nilimwita bahili, muuaji, shetani wa kufuli. Na niseme kweli, nilifurahi kupata nafasi hiyo.

Mama Fausta hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Mama Recho, kakufuli kenyewe kale. Nyundo huna?"

"Ninayo."

"Sasa?"

Ilikuwa chini ya kitanda changu. Niliiwaza kutwa nzima, nikaogopa kufukuzwa chumba.